Msako wa usiku Kibera: Nguvu za polisi zinakomea wapi?

SAA tano za usiku, matatu za mwisho zinapowashusha abiria katika kituo cha Olympic, njia zinazoingia Kianda huwa bado zina watu. Kuna mpishi aliyefunga jiko la hoteli katikati mwa jiji, bawabu anayekwenda kuanza zamu, mama anayekunja meza ya samaki wa kukaanga na vijana wanaotoka kutazama kandanda ya Uingereza. Hali huwa iyo hiyo Kawangware, katika kituo cha 46 na vichochoro vya Congo na Gatina.

Ni katika saa hizo ambapo mkazi hukutana ana kwa ana na askari wa doria. Tochi humulikwa usoni, amri hutolewa, mikono huinuliwa na mifuko ikapekuliwa. Mara nyingi mambo huishia hapo. Mara nyingine hufuata kofi, teke au rungu, na katika visa vibaya zaidi, risasi.

Maswali mawili huzuka kila baada ya kisa kama hicho. La kwanza ni kiasi gani cha nguvu ambacho sheria inamruhusu afisa wa polisi kutumia. La pili ni jinsi aliyeumizwa anavyoweza kuthibitisha kwamba mpaka huo ulivukwa.

Jibu la swali la kwanza limo katika sheria za Kenya, tena kwa maneno yaliyo wazi. La pili ndilo zito, kwani msako wa barabarani usiku kwa kawaida hauachi karatasi yoyote nyuma yake.

KUTEMBEA USIKU SI KOSA

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 39, inampa kila mtu uhuru wa kutembea. Uhuru huo hauna saa ya kufungwa. Serikali inaweza kuuwekea mipaka kwa amri ya kafyu chini ya Sheria ya Utangamano wa Umma, lakini amri hiyo sharti itangazwe rasmi na iwe na muda wake.

Kafyu ya mwisho iliyogusa nchi nzima ilianza Machi 27, 2020 wakati wa janga la korona. Iliondolewa na aliyekuwa Rais Uhuru Kenyatta mnamo Oktoba 20, 2021, siku ya Mashujaa. Tangu hapo hakuna sheria inayomzuia mkazi wa Kianda kurejea kwake saa sita za usiku.

Hata hivyo, swali la "unatoka wapi saa hizi?" lingali linaulizwa, nalo lina mizizi yake katika sheria. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, kinamruhusu polisi kumkamata bila kibali mtu anayepatikana mahali pa umma wakati wa giza iwapo ana sababu za kuridhisha za kushuku kwamba mtu huyo yuko hapo kwa nia mbaya. Kifungu hicho kinamtaja pia mtu asiyeweza kujieleza ipasavyo.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye utata. Ni nani anayeamua kwamba maelezo yametosha? Barabarani usiku, mwamuzi ni mmoja tu, naye ndiye aliyeshika bunduki.

Lakini sheria hiyo ya zamani inasomwa leo chini ya Katiba. Kifungu cha 31 kinamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa ovyo mwilini, nyumbani au katika mali yake. Kifungu cha 29 cha Katiba nacho kinakataza mtu yeyote kutendewa ukatili, uwe unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi.

Kwa hivyo, shaka ya polisi yapasa kuegemea jambo linaloweza kuelezwa. Mfano ni ripoti ya wizi uliotokea karibu na hapo, sura au mavazi yaliyotajwa na mlalamishi, au kitu kilichoonekana kikitupwa mtaroni. Ujana, rasta, viatu vya bei ghali au kuishi katika mtaa wa mabanda si ushahidi wa uhalifu.

Sheria iyo hiyo ya kesi za jinai inaagiza kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima. Kikosi cha doria kisicho na afisa wa kike hakiruhusiwi kumpapasa muuza mboga anayetoka sokoni, hata kama kuna shaka.

Iwapo mtu atakamatwa, Kifungu cha 49 kinataka aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama, hupelekwa siku ya kazi inayofuata.

Hapo ndipo Ijumaa inapokuwa usiku wa kuogopwa. Anayekamatwa Ijumaa usiku anaweza kulala seli hadi Jumatatu asubuhi ndipo afikishwe katika Mahakama ya Kibera kwa kosa la ulevi au la kusababisha fujo. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, hizo ni siku mbili au tatu bila unga nyumbani. Si ajabu kwamba wengi huchagua kutoa kitu kidogo papo hapo na kunyamaza.

Ukaguzi wa mfumo wa haki uliofanywa chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki na kutolewa Januari 2017 ulionyesha kwamba makosa madogo madogo ndiyo yanayojaza seli na mahakama, na kwamba maskini ndio wanaokamatwa zaidi.

KIPANDE NA UZURURAJI

Desturi ya kumsimamisha Mwafrika na kumtaka ajieleze ni ya kale kuliko Kenya huru. Kibera yenyewe ilianza kama makao ya Wanubi waliokuwa wanajeshi wa Uingereza, walioanza kuishi hapo mapema katika karne ya 20. Eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi mnamo 1918.

Muda mfupi baadaye, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa kuanzia umri wa miaka 16 kubeba kipande. Askari angeweza kukidai wakati wowote, na aliyekikosa aliadhibiwa. Sheria za uzururaji ziliwezesha kumwondoa mjini yeyote asiye na kazi wala makao yanayojulikana.

Kilele cha utaratibu huo kilikuwa Operesheni Anvil ya Aprili 24, 1954, wakati Nairobi ilipozingirwa na wanajeshi na polisi. Watu walipekuliwa mtaa kwa mtaa na zaidi ya 20,000 wakazuiliwa kwa tuhuma za kuunga mkono Mau Mau.

Sheria ya Uzururaji ilifutwa mnamo 1997 kufuatia mageuzi yaliyoafikiwa na vyama vya kisiasa kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Lakini Kanuni ya Adhabu iliendelea kuwa na kifungu cha 182 kuhusu watu wavivu na wenye fujo, kilichotoholewa kutoka sheria ya Uingereza ya 1824.

Mnamo Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliyo Arusha ilitoa maoni ya kishauri kwamba sheria za aina hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika. Mahakama ilisema zinamwadhibu mtu kwa hali yake ya umaskini na si kwa tendo alilofanya.

Suala la vitambulisho pia linaigusa Kibera kwa namna ya pekee. Kwa miaka mingi, vijana wa Kinubi walilazimika kupita mbele ya kamati za kuwahoji kabla ya kupewa kitambulisho. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa jamii hiyo kuhusu uraia. Kijana aliyecheleweshewa kitambulisho ndiye anayehangaika zaidi tochi ya askari inapommulika.

JEDWALI LA SITA

Mpaka wa matumizi ya nguvu umewekwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali lake la Sita. Kanuni zake zinafuata misingi ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Havana mnamo 1990.

Kwanza, afisa anatakiwa kujaribu njia zisizo za nguvu. Nguvu hutumika pale tu njia hizo zinaposhindwa au zisipokuwa na matumaini ya kufaulu.

Pili, nguvu hiyo lazima ilingane na lengo, uzito wa kosa na ukaidi wa anayekamatwa. Anayesita kufungua mkoba hawezi kutendewa sawa na anayechomoa kisu. Aliyekwisha kuinua mikono au kulala chini hana ukaidi wowote, na rungu linalomshukia baada ya hapo ni shambulio kama shambulio jingine lolote.

Tatu, bunduki ni ya mwisho kabisa. Msingi wa kuitumia ni kuokoa uhai, wa afisa au wa mtu mwingine, panapokuwa na tishio lililo karibu. Afisa anatakiwa kujitambulisha na kutoa onyo la wazi, na kumpa mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa kufanya hivyo kutahatarisha maisha.

Kanuni hii ni muhimu kwa sababu vijana wengi hukimbia waonapo askari. Wapo wanaokimbia kwa kuwa wana hatia, na wapo wanaokimbia kwa kuwa wanaogopa kupigwa au kudaiwa pesa. Kukimbia tochi, kwa peke yake, si tishio kwa uhai wa mtu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifikia msimamo kama huo mnamo 1985 katika kesi ya Tennessee dhidi ya Garner, kuhusu kijana asiyekuwa na silaha aliyepigwa risasi akiruka ua usiku.

Nne, anayejeruhiwa anastahili kupewa matibabu mara moja na jamaa zake kuarifiwa. Tano, afisa aliyetumia bunduki anatakiwa kuripoti kwa mkuu wake, na kifo au jeraha baya sharti liripotiwe kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA.

Jedwali hilo linasema pia kwamba amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Aidha, afisa aliyevaa sare anatakiwa kuwa na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana wazi.

VISA VILIVYOTIKISA

Umbali kati ya maandishi hayo na yanayotendeka mitaani umejitokeza mara nyingi. Mnamo Machi 2010, watu saba waliuawa kwa kupigwa risasi Kawangware, na maafisa wa Polisi wa Utawala wakashtakiwa kwa mauaji. Waliouawa walitajwa kuwa madereva wa teksi, watu ambao kazi yao yenyewe huwaweka barabarani usiku.

Mnamo Desemba 2018, mwanafunzi Mkenya wa Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza, aliyekuwa amerejea nyumbani kwa likizo, aliuawa kwa risasi Kibera. Alikuwa akitoka kutazama mechi ya kandanda. Polisi walidai kwamba alikuwa mshukiwa wa uhalifu, lakini familia na majirani walikanusha vikali. Kifo chake kilizua maandamano mtaani.

Kafyu ya 2020 ilifanya kila aliyekuwa nje usiku aonekane mhalifu. Siku ya kwanza tu, abiria waliokuwa wakingoja feri Likoni, Mombasa, walipigwa na kurushiwa gesi ya kutoza machozi kabla hata saa ya kafyu kufika. Mnamo Machi 30, mtoto Yassin Moyo, aliyekuwa na umri wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi. Afisa mmoja alishtakiwa baadaye kwa mauaji.

Kufikia Juni mwaka huo, IPOA ilisema imepokea malalamishi 87 yaliyohusu utekelezaji wa kafyu, yakiwemo ya vifo 15. Kwa maneno mengine, amri iliyowekwa kuokoa maisha ya wananchi ilikuwa ikiyakatiza mikononi mwa wale waliotumwa kuitekeleza.

Chama cha Mawakili Nchini, LSK, kilikwenda kortini. Katika uamuzi wake wa Aprili 16, 2020, Jaji Weldon Korir alisema kwamba amri ya kafyu ilikuwa halali, lakini nguvu kupita kiasi zilizotumiwa na polisi kuitekeleza zilikiuka Katiba. Maana ya uamuzi huo ni pana kuliko kafyu. Uhalali wa operesheni hauhalalishi kipigo kinachotolewa ndani yake.

Hata baada ya uamuzi huo, maafa hayakukoma. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, kaunti ya Embu, walikamatwa kwa madai ya kuvunja kafyu na wakapatikana wamekufa. Maafisa sita wa polisi walishtakiwa kwa mauaji yao na wakakanusha mashtaka.

Muungano wa mashirika ya kutetea haki wa Missing Voices uliorodhesha vifo 118 vilivyohusishwa na polisi mnamo 2023, na 104 mnamo 2024. Si vyote vilivyotokana na misako ya usiku, lakini vinaonyesha ukubwa wa tatizo lenyewe.

UPANDE WA ASKARI

Haitakuwa haki kueleza suala hili bila kutaja mazingira ya askari wenyewe. Vichochoro vya Kianda ni vyembamba, vingi havina taa, na gari haliwezi kuingia. Anayevizia gizani anaweza kuwa na bastola. Maafisa wamewahi kuuawa wakiwa kazini, na afisa anayefika mahali asipopajua huwa na sekunde chache za kuamua.

Wakazi wenyewe hudai doria. Mama anayenyang'anywa mauzo ya siku nzima akielekea nyumbani hataki polisi waondoke mtaani. Anachotaka ni polisi wanaoweza kumtofautisha mwizi na mwanawe.

Jopokazi la mageuzi ya polisi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililowasilisha ripoti yake Novemba 2023, lilitaja mishahara midogo, makazi duni na ufisadi miongoni mwa maradhi ya huduma hiyo. Lilipendekeza nyongeza ya mishahara ya asilimia 40 kwa maafisa wa ngazi za chini.

Afisa aliyechoka, anayelala katika nyumba mbovu na anayetumwa usiku bila mafunzo ya kutosha ni hatari kwake mwenyewe na kwa wengine. Hata hivyo, uchovu haujatajwa popote katika sheria kuwa sababu ya kumpiga mtu asiyepinga.

RISASI HUANDIKWA, RUNGU HALIANDIKWI

Ugumu mkubwa ni ushahidi. Bunduki hutolewa ghalani kwa sahihi na risasi huhesabiwa. Ganda la risasi linaweza kulinganishwa na bunduki iliyolifyatua. Kwa sababu hiyo, mtu anapouawa kwa risasi, wachunguzi wana mahali pa kuanzia.

Hivyo ndivyo sivyo kwa kofi na rungu. Sheria inamtaka afisa anayeingia kupekua nyumba bila kibali cha korti aandike kwanza sababu zake, abebe cheti chake cha uteuzi na aorodheshe alivyochukua. Lakini anayesimamishwa kichochoroni huachiliwa bila stakabadhi. Hajui jina la aliyempekua, kituo alikotoka wala sababu ya kusimamishwa. Wakiwa wamevaa kiraia, hata nambari ya kazi haipo.

Asubuhi anapokwenda kulalamika, huulizwa: nani alikupiga? Jibu lake ni "askari", na kesi huishia hapo.

Uingereza, ambako sheria nyingi za Kenya zilitoka, ilipitia njia hiyo. Aprili 1981, polisi wa London waliwasimamisha karibu watu 1,000 katika mtaa wa Brixton kwa siku chache, wengi wao wakiwa vijana weusi, na ghasia zikalipuka. Sheria ya zamani ya uzururaji iliyotumiwa kuwakamata watu kwa kushukiwa tu iliondolewa mwaka huo huo.

Kisha ikaja sheria ya 1984 kuhusu polisi na ushahidi. Inamtaka afisa, kabla ya kumpekua mtu, ataje jina lake, kituo chake, anachokitafuta na sababu ya kushuku. Upekuzi huandikwa, na aliyepekuliwa ana haki ya kupata nakala. Utaratibu huo haukumaliza malalamishi ya ubaguzi, lakini uliyapa msingi wa kuchunguzwa. Idadi ya waliosimamishwa, umri wao na rangi yao hujulikana, na Bunge na magazeti yanaweza kuuliza maswali.

Kuandika jina, saa, mahali na sababu ni kazi ya dakika mbili. Hata hivyo, afisa anayejua kwamba ataandika sababu hulazimika kwanza kuwa nayo.

NJIA YA KUTAFUTA HAKI

Kwa sasa, mzigo wa kutengeneza kumbukumbu umemwangukia aliyeumizwa. Hatua ya kwanza ni matibabu, na kadi ya hospitali ihifadhiwe pamoja na picha za majeraha. Saa, mahali, nambari ya gari na majina ya waliokuwepo ziandikwe mapema kabla hazijasahaulika.

Hatua ya pili ni kuripoti kituoni na kupewa nambari ya OB, kisha fomu ya P3 ambayo daktari hujaza kueleza majeraha. Wengi huogopa kurudi katika kituo kile kile walikotoka waliowapiga. Hakuna sharti la kuripoti hapo pekee. Malalamishi yanaweza kupelekwa IPOA moja kwa moja au kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi.

Dhamana ya polisi inayotozwa kwa pesa hurejeshwa kesi ikiisha au mtu akiachiliwa bila mashtaka, nayo sharti itolewe stakabadhi. Pesa zisizo na stakabadhi si dhamana.

IPOA huchunguza lakini haishtaki. Hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye huamua. Safari hiyo ni ndefu, ila si bure. Agosti 2014, maafisa waliovamia nyumba usiku huko Kinango, kaunti ya Kwale, wakimtafuta mtu mwingine walimuua kwa risasi msichana wa miaka 14. Februari 2016, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA.

Kisa cha wakili Willie Kimani kinaonyesha hatari inayowakabili wanaolalamika. Mteja wake, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na afisa wa polisi aliposimamishwa barabarani mnamo 2015, akawasilisha malalamishi kwa IPOA. Juni 23, 2016, wakili, mteja na dereva wao wa teksi walitekwa nyara baada ya kutoka Mahakama ya Mavoko, na miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk.

Februari 2023, afisa Fredrick Leliman alihukumiwa kifo. Maafisa wenzake wawili walifungwa miaka 30 na 24, na mpasha habari wa polisi miaka 20. Ilichukua zaidi ya miaka sita. Watu watatu walikuwa wameuawa kwa sababu mmoja wao alithubutu kuandikisha malalamishi.

Tangu hapo hatua nyingine zimechukuliwa. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inaweka kifungo cha hadi miaka 25 kwa afisa anayepatikana na hatia ya kutesa. Oktoba 2022, Rais William Ruto alivunja Kitengo cha Huduma Maalum cha idara ya upelelezi, kilichohusishwa na mauaji na kutoweka kwa watu.

Lakini kuvunja kikosi na kutunga sheria nyingine hakutoshi ikiwa kichochoro cha Kianda kitabaki bila kumbukumbu. Sheria inayokataza kofi lisilo na sababu ilikwisha kuandikwa mnamo 2011. Kinachosubiriwa ni daftari la upekuzi mkononi mwa askari wa doria, jina lake kifuani, na nakala moja mfukoni mwa mpishi anayetoka zamu ya usiku, ili kesho yake akiulizwa ni nani aliyemsimamisha, awe na jibu.